Gundi ya Chuma

"Weka gundi, shemeji. Weka gundi twende."

"Siweki."

"Ara, utaweka nini basi? Machozi?"

Weldon, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amevaa suti ya mazishi na gambuti zenye matope. Boneti ya pikapu yake ilikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimevaa ovaroli isiyo na mikono juu ya nguo nyeusi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mwili wa mwanangu Kiplimo ulikuwa mochari ukitungoja, na kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka tuliposimama.

Jana jioni Weldon alisikia mkanda wa injini ukilia. Badala ya kuniita mimi niliye fundi, alichukua spana, akaivisha kipande cha bomba la maji ili apate nguvu, akavuta bolti inayoshikilia altaneta, ile mashine ya kuchaji betri. Bolti ni chuma. Bodi ya injini pale inapoingia ni aluminiamu. Aluminiamu haibishani na bomba la maji. Thredi zote, yale meno ya ndani ya tundu, zilitoka, zimeviringika kama maganda ya viazi.

"Ni bolti moja tu," alisema. "Unanipigia kelele kwa sababu ya bolti moja."

"Nyuma ya altaneta kuna nini?"

"Sijaenda college mimi."

"Kuna pampu inayosaidia breki. Altaneta ikilegea, mkanda utateleza. Mkanda ukiteleza, utakanyaga breki na itakuwa kama unakanyaga jiwe. Utakuwa kwenye mteremko wa mtoni, na watu kumi na sita nyuma, na jeneza."

"Nitaenda pole pole."

"Mteremko haujui pole pole."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Magari mawili tuliyokodi yalikuwa yamekwama chini kwenye kituo cha majani chai, magurudumu ndani ya tope mpaka katikati. Pikapu ya Weldon peke yake ndiyo ingeweza kushuka na kupanda tena hadi hapa kwetu Kimulot. Nilikuwa nimempigia Nyang'au anayeuza spea Kericho. Alikuwa na springi za thredi, zile unazoingiza kwenye tundu jipya ili bolti ipate meno ya chuma. Zingefika jioni, zikiletwa na mtu kwa miguu kutoka barabara ya lami.

"Jioni!" Weldon alisema. "Kaburi halilali wazi, shemeji. Wazee watasema nini?"

"Walifunike na mabati."

"Umesikia unachosema? Huyo ni mtoto wako."

"Najua ni wa nani."

Alisogea karibu, akapunguza sauti kama mtu anayembembeleza ng'ombe mkali. "Gari ngapi hapa Kimulot na Boito zinatembea na gundi yako? Mimi mwenyewe nimekuona ukiweka. Kwa nini leo imekuwa dhambi?"

Alikuwa amesema kweli. Ukichanganya vizuri na kuiacha ikauke usiku mzima, gundi ya chuma hushika kifuniko, hushika brakiti ya taa. Wateja wangu hawangoji usiku mzima. Nami nimechoka kubishana nao, kwa hiyo huwa naweka na kunyamaza.

Nikamwambia, "Niliweka kwa pikipiki ya Kiplimo."

"Nini?"

"Tundu la kutolea oili, chini ya injini. Thredi zilikuwa zimekufa. Alikuwa na haraka, kuna mtu alikuwa anamngoja stendi. Nikapaka gundi, nikakaza bolti, nikamwambia itashika. Hakumaliza saa moja."

Weldon aliangalia upande wa hema la waombolezaji. "Kiplimo aliteleza kwa sababu ya mvua. Tumesema hivyo kwa kila mtu."

"Nimesema mimi. Bolti haikuwepo. Injini ilikuwa kavu, na tairi ya nyuma ilikuwa imejaa oili. Lori la majani chai lililomgonga halikuwa na kosa lolote."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Monicah, mke wa Kiplimo, alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Alikuwa anamtikisa mtoto. Sasa aliacha.

"Mama," alisema, "ni wewe uliosha ile tairi?"

Niliifuta mikono yangu kwenye ovaroli.

"Ilikuwa safi sana," alisema. "Pikipiki yote matope, tairi moja safi. Nikadhani ni polisi."

"Ni mimi. Kwa sabuni ya unga."

 Alifungua leso, akamshusha mtoto, akambana kifuani kama kuna mtu anataka kumchukua. Yeye na mtoto ndio wangekaa mbele, karibu na dereva.

"Tutaongea hayo baada ya mazishi," Weldon alisema. "Kiplimo hatarudi kwa sababu tumechelewa." Aliokota mirija miwili ya gundi kwenye kisanduku changu, akaikamulia juu ya kipande cha kadibodi, nyeusi na nyeupe, akaanza kukoroga kwa msumari. "Kama hutaki, naweka mwenyewe. Nimeona unavyofanya."

Kurekebisha thredi kunaanza kwa kuharibu. Lazima upanue tundu kwanza, na ukishalipanua, mpaka springi ije, hakuna bolti itakayoshika hapo, hata ukijaza gundi ndoo nzima.

Drili ilikuwa kwenye stima tayari. Nilimsukuma Weldon kwa bega, nikanyoosha mkono, nikaingiza bitu, ile ncha ya kutobolea, kwenye tundu la bolti.

"Shemeji! Mama Kiplimo, ngoja!"

Nilibonyeza. Aluminiamu ilimwagika, nyeupe, ikaniangukia kwenye mkono wa nguo nyeusi. Watu waliokuwa kwenye hema walisimama. Sikuachia mpaka bitu ilipofika mwisho.

Kisha nikachukua bolti, nikaiingiza kwa vidole viwili. Ilizama bila kushika popote. Nilipoiachia ilitoka yenyewe, ikaanguka kwenye matope kati ya gambuti za Weldon.

"Sasa weka gundi," nikamwambia, nikachomoa drili. "Na uite vijana walete mabati."