Mstari Ukae Ndani

Mtu anayeitwa Sindano hutarajiwa awe mwembamba, na huyu hakuwa. Alikuwa na tumbo la heshima, tumbo linaloingia mlangoni na kutoa salamu kabla ya mwenyewe. Jina alilipata kazini. Alikuwa fundi nguo tangu ujana, na watu waliapa kwamba angeweza kutunga uzi huku akipiga chafya. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, kama simu iliyozimwa sauti, halafu bila haya. Siku alipomkabidhi bwana harusi suruali yenye mguu mmoja wa kwendea harusini na mwingine wa kuvukia mto, alielewa. Cherehani akampa mwanafunzi wake, akarudi nyumbani, akanyamaza.

Kunyamaza kwa Sindano kulikuwa msiba mkubwa. Huyu alikuwa mtu wa kugombana na redio. Mkewe, aliyefundisha hesabu mpaka kustaafu na ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo, alimchokoza kwa kila njia aijuayo. Asubuhi moja alimpa chai bila sukari, akatia chumvi badala yake. Sindano akanywa yote, akashukuru. Hapo Mwalimu akaogopa kweli.

Ndipo alipomletea gari la zimamoto. Lilikuwa gari la mfano, la plastiki, urefu wa kiatu, la kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Plastiki ina huruma: vipande ni vinene, gundi inasubiri, na mkono ukipotea njia unarudi. Sindano aliunganisha magurudumu, kisha injini, kisha viti vya askari, na jioni moja Mwalimu akamsikia akiitukana chupa ya gundi. Alitaka kupiga vigelegele, akajizuia kwa kung'ata upawa.

Furaha ikafika kwenye ngazi, ikakwama. Ngazi haikuwa ya plastiki. Ilikuja kwenye bamba la shaba ya manjano, jembamba kama karatasi ya daftari, vipande vyake vimechongwa kwa tindikali huko kiwandani. Ngazi yenyewe ilikuwa bapa. Kila ubavu ulikuwa na mstari mwembamba ulioliwa na tindikali hadi nusu ya unene, na kwenye mstari huo ndipo ilipotakiwa kukunjwa ili isimame. Bamba lilikuwa na ngazi mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.

Sindano aliishika, ikaimba mkononi mwake kwa kutetemeka. Akaiweka chini. Kisha akatoa tamko, kwa sauti ya mtu anayejisomea wosia wake mwenyewe.

"Mwalimu, ngazi hii ikinishinda, gari zima nalirudisha dukani. Sishiki tena kazi ya mikono. Nitakaa barazani kama wenzangu, nihesabu magari yanayopita."

"Hesabu hujawahi kuiweza."

"Nitahesabu polepole."

Mwalimu alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Wale wenzake wa barazani aliwajua. Mmoja wao hakuwa ameongea na mkewe tangu mvua zilizopita, na hawakuwa wamegombana.

Kesho yake walikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa kijana aliyevaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Aliitwa Rubani, kwa sababu aliunda ndege za mfano peke yake, na kwa sababu watu wana utani: ndege ya kweli alikuwa hajapanda hata iliyoegeshwa.

"Kukunja shaba," alisema Rubani kwa heshima, kama anayetaja ugonjwa wa ukoo wa kifalme. Akatandika kitambaa cheusi juu ya kaunta, akapanga vifaa vitatu. Cha kwanza kilikuwa koleo lenye taya bapa, laini, zisizo na meno. Cha pili kilikuwa kibanio kidogo cha kukaa kiganjani. Cha tatu kilikuwa pande la chuma zito, na juu yake bamba lenye vidole vipana na vyembamba kama chanuo, limefungwa kwa skrubu yenye kichwa kikubwa cha duara.

"Inategemea, mzee wangu. Mkono wako ukoje?"

Mkono wa Sindano ulikuwa mfukoni tangu mlangoni.

"Mkono uko salama."

"Basi chukua koleo. Ndege zangu zote nimezikunja kwa koleo hili hili. Mkono uliotulia hauhitaji mitambo."

"Nilijua tu," akasema Sindano, akivuta pumzi ya ukubwa. "Mtu kama mimi na mitambo, wapi na wapi!"

Mwalimu akatazama mfuko wa suruali. Ulikuwa ukitikisika kana kwamba mume wake amebeba kifaranga. Akikaa kimya, heshima ya mwanamume itatoka dukani salama, na itakwenda moja kwa moja mpaka barazani.

"Sindano, toa mkono."

"Uko vizuri huko uliko."

"Mficha uchi hazai, baba."

"Mwalimu! Tumezaa watano!"

"Siku zile hukuwa unaficha."

Rubani alikumbuka ghafla kwamba miwani yake ni michafu, akaanza kufuta yote miwili. Sindano alitoa mlio, nusu kikohozi, nusu kicheko. Kisha akatoa mkono, akauweka juu ya kile kitambaa cheusi. Ukatetemeka. Wote watatu wakautazama, kama mgeni anayesubiri kutambulishwa.

"Ungesema, mzee wangu," alisema Rubani taratibu. Akaliondoa koleo. "Hapa ningekuuzia balaa. Koleo unalishika wewe, kwa hiyo ukitetemeka na lenyewe linatetemeka. Ngazi yenyewe ina urefu gani?"

Sindano akaitoa bahashani, akailaza kando ya kibanio kidogo. Ngazi ilizidi kwa kidole kizima.

"Na hiki kimekufa," akasema Rubani. "Utakunja nusu, usogeze, ukunje nusu ya pili, na ngazi ijisokote kama kamba. Kifaa unakipima kwa kipande chako kirefu kuliko vyote. Mdomo lazima ukimeze chote."

Pande zito liliimeza ngazi, likabakiwa na nafasi. Rubani akaeleza: shaba unaiweka chini ya vidole, unakaza skrubu, unapitisha bapa la chuma chini ya sehemu inayobaki nje, unainua. "Chuma ndicho kinachoshika. Wewe tetemeka utakavyo. Shaba haina habari."

Sindano aliinama mpaka pua ikakaribia kaunta.

"Huu ni mguu wa cherehani," alinong'ona.

"Nini?"

"Ule mguu mdogo unaoshuka kubana kitambaa chini ya sindano! Unafikiri fundi anashika nguo? Fundi haishiki nguo. Mguu ndio unashika, fundi anaongoza tu. Mimi nimefanya kazi na huyu bwana maisha yangu yote!"

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Akajaribu skrubu. Vidole vilikataa, lakini kichwa chake kilikuwa kikubwa kiasi cha kuzungushwa kwa kiganja, na kiganja kilikubali. Hawakuhitaji kujadili zaidi; wakalipa, wakaondoka na lile pande.

Nyumbani, Sindano alinawa mikono kama daktari wa upasuaji. Akalaza ngazi ya kwanza chini ya vidole vya chuma, akakaza, akapitisha bapa, akainua. Mkono ulitikisika, ukingo wa shaba ukapanda umenyooka. Mwalimu akapiga kofi moja, akalikatiza. Sindano alikuwa amekunja uso.

"Pembe si pembe. Imeviringa. Ngoja niikunjue, nianze upya."

Akaikunjua. Akaikunja tena. Ikalia *tik*, ubavu wa ngazi ukabaki peke yake juu ya meza.

Nguo hukunjuliwa hata mara mia na pasi ikasamehe. Shaba haisamehi. Sindano alitazama vipande viwili, akasimama, akatoka. Mwalimu akasikia kiti cha barazani kikilia chini ya uzito wake.

Alimpa muda wa gari moja kupita, halafu akamfuata, mkononi ana vipande na lenzi.

"Umeshahesabu mangapi?"

"Niache, Mwalimu. Mkono umeshindwa."

"Mkono upi? Mimi nilikuwa pale. Kilichoshika ni chuma, na ukingo ulipanda umenyooka kama rula. Usimsingizie asiyehusika."

"Basi kosa la nani?"

"La kichwa."

Sindano aligeuka polepole. Miaka yote ya ndoa alikuwa akitukanwa na mwanamke huyu, lakini hajawahi kutukanwa kwa namna yenye matumaini kiasi hicho. Akapokea lenzi. Akachungulia, akavigeuza vipande, akachungulia tena.

"Mstari umepasuka. Tazama! Umeachama kama mshono wa suruali ya mtu aliyeinama." Akajipiga paji la uso. "Nimeikunja kama suruali! Mteja anasimama, unamchora chaki kwa nje, unalaza suruali, unakunja, mstari unabaki nje kwenye ukingo. Nimefanya hivyo tangu ujana. Na huu si mstari wa chaki, Mwalimu, huu ni mfereji! Ukiwa nje unachanika. Ukiwa ndani unafumba mdomo, pembe inakaa. Mstari ukae ndani! Mimi ni mjinga!"

"Sana," alisema Mwalimu.

"Mjinga kabisa!" akashangilia Sindano, akikimbilia ndani, tumbo likiwa limemtangulia.

Ngazi ya pili, ya mwisho, ililazwa mstari ukitazama juu. Akakaza kwa kiganja. Akaguna, akainua bapa mpaka ukingo ukasimama wima, akaacha. Hakuikunjua. Akageuza upande wa pili, akafanya vilevile. Alipofungua skrubu, ngazi ikatoka imesimama kwa kuta zake mbili, pembe kali kama kola ya askari wa gwaride. Mkono wake ulikuwa bado unatetemeka. Hakuurudisha mfukoni.

"Kuna vishikio vya milango," alisema, akisafisha koo. "Kuna vioo vya pembeni. Kaa hapa, uwe na faida. Chukua hicho kidogo, kilaze, kaza."

Mwalimu akakaa. Akakilaza kishikio, mstari ukitazama chini.

"Mama! Mama wee! Nimesema nini sasa hivi? Mstari wapi?"

"Chini?"

"Chini! Watu tunasomeshwa na nani nchi hii? Ndani! Mstari ndani! Hivyo ndivyo ulivyofundisha watoto wa watu? Toa, toa, kigeuze. Si hivyo. Hivi!"

Aliendelea kumgombeza kwa pumzi moja: namna anavyokaa, namna anavyoshika, mwanga anaouziba kwa kichwa chake. Mwalimu alisikiliza kwa unyenyekevu wa mwanafunzi wa mwisho darasani. Akakigeuza kishikio, kikakunjika vizuri kabisa. Kisha akachukua cha pili, akahakikisha mumewe anatazama, akakilaza mstari ukitazama chini.