Sumu ya Bandani

Watoto wa nguruwe walizaliwa kumi na mmoja. Kufika siku ya nne walibaki sita. Walikuwa wanahara maji ya manjano, macho yamezama, ngozi imekunjamana kama ya vikongwe. Mke wa mwenye banda hakuhitaji kupiga ramli. Mbaya wake alimjua, na alikuwa anakula naye meza moja.

"Mama yako kawapa sumu," alimwambia mumewe. "Nani mwingine anaingia bandani alfajiri?"

Kweli bibi huyo alikuwa akiingia, kuwapangusa wale wadogo kwa tambara na kuwasogeza kwenye chuchu. Mume alisitasita. Lakini mke alilirudia neno hilo mchana kutwa, na jioni nguo za bibi zilikuwa ndani ya gunia la pumba.

"Mwanangu, nimekusomesha kwa nguruwe hawahawa," bibi alisema. "Leo niwaue ili nipate nini?"

Mwanawe alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. Mkamwana alimfungulia lango, akamkumbusha asisahau mkongojo wake.

Kesho yake, mume akiwa kazini, daktari wa mifugo alikuja akampasua mmoja wa waliokufa. Utumbo ulikuwa umejaa maji, kuta zake nyembamba kama karatasi.

"Ni sumu, siyo?" mke aliuliza, roho imemsuuzika.

"Sumu, ndiyo. Ila wanaoitengeneza ni bakteria. Wanang'ang'ania utumboni, wanatoa sumu, basi utumbo unamwaga maji ya mwili mzima. Mtoto anakauka huku amelowa." Daktari aliinama akanusa sakafu. "Wanakaa kwenye kinyesi. Kabla jike hajazaa, nani alitakiwa kusafisha hapa?"

Ilikuwa kazi ya mke mwenyewe. Alikuwa ameikwepa siku tisa, akisingizia mgongo.

"Mama mkwe," alijibu.

Daktari aliacha dawa na maji ya chumvichumvi ya kuwanywesha, akaagiza jike achanjwe wiki chache kabla ya kuzaa tena. Mke alisugua sakafu mpaka viganja vikachubuka. Wanne walipona.

"Daktari kasemaje?" mume aliuliza aliporudi.

"Kasema ni sumu."

Mume alikaa kizingitini, akafunika uso kwa mikono. Wiki mbili baadaye simu ya mama yake ilipoita, aliiacha iite mpaka ikanyamaza. Mke alikuwa chumbani kwa bibi, anapima dirisha, anataka pazia jipya.