Bi Kushoto Karudi Kwao

Usiku wa kuamkia leo niliota upande wangu wa kushoto, kuanzia sikio hadi kidole cha mwisho cha mguu, umekunja mkeka na kurudi kwao.

Sikushangaa sana. Mke wangu Mwanahawa alishanionya. Ndiye anayenifundisha mazoezi ya viungo kwa ajili ya gofu: kuzungusha kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, kuvuta ule mpira mrefu uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. "Kila zoezi pande zote mbili, Baba Rukia," husema. "Usibague."

Mimi nikabagua. Nilifanya upande wa kulia tu, nikijua ndio unaopiga, kisha nikaenda kunywa chai. Na leo asubuhi tuna fainali ya wawili wawili, mimi na yeye. Mwaka jana nilipiga mpira nikaanguka mwenyewe, tukashindwa. Safari hii ameapa: nikimharibia tena, mwakani anacheza na mdogo wangu Shaibu. Hilo liliniuma kuliko mgongo.

Basi, ndotoni kumekucha. Nipo uwanjani, nimebaki nusu. Nikirusha fimbo nazunguka kama pia. Mwanahawa ananitazama, kisha anatazama saa.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Karudi kwao."

"Mfuate basi. Mke harudishwi kwa simu."

Naondoka kwa kurukaruka. Lile zoezi la mguu mmoja, kusema kweli, linanifaa. Nafika kwenye shimo la tisa, nachungulia, naona ngazi. Nashuka. Kule chini ni ukumbi wa nyumba moja ya Pangani. Bi Kushoto amekaa jamvini, amenyoosha mguu, anapakwa hina. Anayempaka ni mpira wa gofu mzee, amejifunga kanga. Pembeni imesimama fimbo ya gofu ya mashoto, imevaa kofia ya viua. Naambiwa huyo ndiye mjomba.

"Hodi," nasema.

"Karibu," anajibu mjomba. "Umekuja na mshenga?"

"Nimekuja na kiatu kimoja."

"Haya, kaa."

Nakaa, naanguka ubavu. Wananiinua kwa heshima na kuniegemeza ukutani. Mjomba anamwambia mpwa wake aseme yaliyo moyoni.

"Mjomba, mimi na Kulia tumeolewa siku moja," anasema Bi Kushoto, bila kunitazama. "Kulia anavutwa, ananyooshwa, anapanguswa jasho. Mimi jasho lenyewe silijui. Lakini bwana akianguka, anaangukia kwangu."

Hapo machozi yananitoka, jicho moja. Ni kweli. Kila nikianguka huangukia kushoto, na miaka yote hiyo amenipokea bila kunung'unika. Naona haya.

"Unasemaje, bwana?" anauliza mjomba.

"Nimekosa. Namtaka mwenzangu. Na mechi ni asubuhi hii."

"Mechi ni shauri lako. Sisi tunazungumza habari za zamu. Kuanzia leo kila zoezi litaanzia kwake. Ukimruka tena, ataondoka moja kwa moja, na atachukua vyombo vyake vyote. Moyo nao uko upande wake, usisahau."

Nakubali upesi. Bi Kushoto anainuka, anakunja mkeka.

"Hina haijakauka," anasema mpira mzee.

"Itakaukia njiani," anajibu Bi Kushoto, na kwa mara ya kwanza ananishika mkono.

Nikaamka. Mwanahawa alikuwa keshavaa viatu vyake vya gofu. Nilishuka kitandani bila kuambiwa, nikaanza kujinyoosha, kushoto kwanza. Alitabasamu. Nilifurahi mno, nikanyoosha na mguu.

Tabasamu likamfutika. Alikuwa anatazama kidole changu cha mwisho, mguu wa kushoto. Kilikuwa na hina, mbichi bado.

"Baba Rukia," akasema taratibu, "umepakwa na nani?"

Nikaona bora niseme kweli. "Nilimfuata mwenzangu kwao."

Mwanahawa akainama, akavua kiatu kimoja. Kina meno chini, kiatu hicho. Fainali inakaribia kuanza, na mimi bado naeleza.