Kemshafti Mwenye Matuta Marefu

Usiku wa jana niliota nimepewa kazi ya kuajiri bawabu wa harusi. Harusi yenyewe ilikuwa ndani ya injini ya gari letu, lile Volkswagen la mviringo, ambayo kwa miezi miwili sasa imelala vipande vipande juu ya meza ya chakula, huku mke wangu Mwajabu akienda kufundisha shuleni Soni kwa miguu.

Sikushangaa. Nilivaa koti nikaingia.

Ndani kuna vyumba vinne vya wageni, na kila chumba kina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Mtungi wa maji sikuuona. Nilipouliza, feni kubwa ya ukutani ilinijibu kwa upole, "Maji hapa hatuyajui, mwanangu. Ni upepo tu tangu nyumba ijengwe." Nikaomba radhi.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Krenki, bibi mnene wa chuma aliyekuwa akizunguka palepale alipo bila kuchoka.

"Bawabu wetu ni kemshafti, ule mhimili wa matuta," akanieleza. "Ndiye afunguaye milango na kuifunga. Mimi nikizunguka mara mbili, yeye anazunguka mara moja. Asiyeiweza heshima hiyo asije."

Akanipa fomu yenye swali moja: Gari anaendesha nani? Nikaandika: Mimi.

Ulikuwa uongo. Mimi gari lile naliendesha Jumapili, na Jumapili yenyewe iwe haina mvua. Lakini wiki nzima nilikuwa nikiikodolea macho kwenye simu picha ya kemshafti ya mbio, na nilikwisha kupanga kuiagiza asubuhi, kimyakimya, Mwajabu asijue.

Waombaji wawili wamekaa kwenye benchi. Wa kwanza ana matuta marefu mwilini, anang'aa. "Mimi nafungua mapema na nafunga nikijisikia," anasema. "Wageni wakija mbio, hakuna wa kunifikia."

Wa pili ana matuta ya wastani. "Mimi nafungua wakifika. Nafunga wakishaingia." Basi.

Nikamchukua wa kwanza. Nani aende sokoni aache fenesi abebe ndimu?

Wageni wakaja mbio kutoka barabara ya Tanga, wananukia petroli. Mlango wazi, wanajaa chumbani, sakafu inapanda inawabana, mtu anawasha kiberiti, vigelegele! Kila mmoja anakula sahani yake ya pilau na kutokea upande wa pili. Nyumba nzima inaimba. Nilifurahi nusura nilie.

Mara nyumba iko kwenye kona za Soni, kwenye mwinuko. Sikuiona ikihama. Sasa wageni wanapanda taratibu nyuma ya lori la kabichi, na bawabu wangu anaendelea vilevile: anafungua wa kuingilia kabla hajafunga wa kutokea. Wageni wanaingia huku na kutokea kule moja kwa moja, sahani tupu. Nyumba ikaanza kukohoa.

Mwajabu yuko kwenye foleni, madaftari ya darasa la nne kwapani. "Hodi," anasema. Anaingia. Anatoka. Anaizunguka nyumba na kupanga foleni upya. Mara ya tatu akasimama mbele yangu.

"Baba Hizza, mimi nitakula lini?"

"Ukija mbio."

"Na madaftari haya? Nyuma ya lori?"

"Lakini mlango uko wazi, mke wangu."

"Nauona. Iko wazi yote miwili."

Hakupandisha sauti. Niliona aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Nikamwambia bawabu apunguze.

"Siwezi," akasema bila kinyongo. "Nilichongwa hivi."

"Kumtoa huyo ni mpaka nyumba ipasuliwe katikati," Bi Krenki akasema. "Wote huuliza wakishachelewa."

Tukaipasua kama mkate wa boflo. Wageni walisubiri juani na sahani zao, na hakuna aliyelalamika. Nikaitafuta fomu, nikafuta Mimi, nikaandika Mwajabu.

"Ungeanzia hapo," akasema Bi Krenki, akizunguka.

Yule wa matuta ya wastani akainuka kwenye benchi. "Wanakuja kwa mwendo gani?"

"Wa mtu aliyechoka."

"Huo naujua," akasema, akashika kazi.

Mwajabu akaingia, na mlango wa kutokea umefungwa kabisa. Akakaa. Akataka maji ya kunawa, feni ikampulizia mikono. Akasema bismillahi. Nikaamka.

Kumekwisha kucha. Mwajabu anafunga mtandio mbele ya kioo. Hata uso sijanawa, nikamweleza yote: kemshafti ya mbio, nilivyomficha, na kwamba sasa naagiza ile ya mwendo wa kupanda mlima. Alisikiliza na pini mdomoni.

"Hiyo ya mlima ndiyo yenyewe," akasema. "Mbio utakwenda wapi, wewe ambaye ukiona mbuzi barabarani unazima gari?"

Nikammiminia chai na kumsogezea chapati. Akaisukuma sahani.

"Sili. Nimeshiba."

"Umeshiba nini asubuhi yote hii?"

Alikuwa akichokonoa jino kwa ile pini. Akatoa kitu kidogo cheusi, akakiweka kwenye kisosi. Karafuu. Pilau nyumbani kwetu mara ya mwisho ilipikwa Idi.

Tuliitazama wote wawili. Kisha akabeba madaftari yake na kuvaa viatu vya kutembelea.

"Fanya haraka, Baba Hizza," akasema. "Kushiba nimeshiba. Kilima bado nakipanda kwa miguu."