Mdogo Hatangulii

Mpira ulipita katikati ya chuma bila kukigusa. Mogesi hakuusubiri ushuke. Alikwishageuka kupokea mwingine, akautupa, nao ukaingia vilevile. Mchezo ulikuwa haujaanza, alikuwa anapasha tu misuli, lakini wachezaji wangu waliacha kufunga kamba za viatu wakabaki kumtazama. Huyu ndiye kijana niliyemwambia mwaka mmoja kabla, mbele ya timu nzima, kwamba ana mikono ya kugawa chakula msibani. Alikunja jezi yangu vizuri, akaiweka juu ya benchi, akahamia Mugumu.

Mimi ni Maftah, fundi cherehani. Kibanda changu kiko Nyamisangura, Tarime mjini, na miaka ile jioni nilikuwa mwalimu wa timu ya kikapu ya mtaa wetu. Mtu akipita barabarani naweza kukwambia kiuno chake ni inchi ngapi bila kumgusa. Kwa kiburi hicho niliamini naweza pia kumtazama mchezaji nikajua ataishia wapi. Mogesi nilimpima miaka minne. Alikuwa na mbio, alikuwa na pumzi, mpira ulimtii. Lakini akifika mahali pa kutupa, anatoa pasi. Hata aachwe peke yake chini ya chuma, atageuza shingo kumtafuta Simioni.

Simioni alikuwa kaka yake, tumbo moja, naye ndiye mfungaji wangu. Timu yote niliishona kumzunguka yeye.

Habari za Mogesi zilianza kutufikia kabla hata hajamaliza miezi sita Mugumu. Mara amefunga pointi ishirini, mara thelathini. Tarime kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema amepata dawa. Wengine walisema ni nyama ya porini, wengine hewa ya kule. Mimi, kwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nilisema timu za Serengeti hazijui kukaba, na kwamba siku akikutana nasi atarudi kuwa yule yule. Nilisema hivyo kila siku, na nikalala vizuri.

Sasa tulikuwa tumekutana, kwenye uwanja wa saruji pale Morotonga, Mugumu, na usingizi wangu ulikuwa mdogo kwa sababu nyingine.

Ilikuwa miaka ya dhahabu. Nyamongo ilikuwa imewameza wanaume wa wilaya nzima. Walimu waliacha chaki, wachungaji waliacha ng'ombe, wote wakashika sururu. Simioni naye aliingia kwenye maduara, yale mashimo membamba ambayo mtu hushuka kwa kamba, magoti kidevuni. Mwaka uliotangulia moja lilimfukia. Walimtoa akiwa na udongo hadi puani. Wenzake wawili hawakutoka. Baada ya mwezi alirudi chini, maana alikuwa ameoa na mke alikuwa mjamzito.

Mke huyo, Mokami, alikuja kibandani kwangu wiki moja kabla ya mchezo. Hakuleta kitambaa.

"Mwalimu," alisema, "mvua ziko karibu. Zikianza, yale mashimo yanalegea. Nasikia kampuni inachukua mchezaji."

Ni kweli. Kampuni moja ya utafiti wa madini ilikuwa imeunda timu ya kikapu, na kila mchezaji wake alipewa kazi ya ghalani, juu ya ardhi, akiliona jua. Nafasi ilibaki moja. Bwana michezo wao, Godwin, alikuwa aje Morotonga kuchagua.

"Mtoe mume wangu kule chini," Mokami alisema.

"Nitamtoa."

Ahadi ya fundi cherehani inajulikana, hasa sikukuu zikikaribia. Lakini ile niliitoa kwa moyo wote.

Lori lililotupeleka Mugumu lilipita Nyamongo. Vijana walisimama kuangalia vilima vya mawe yaliyopondwa na watu waliojaa vumbi jeupe hadi kwenye kope. Simioni alibaki amekaa juu ya gunia, anatazama sakafu ya lori mpaka tulipopita.

Mchezo ulipoanza nilimpa Kisyeri kazi ya kumkaba Mogesi. Kisyeri ni mtu wa nguvu, lakini dakika kumi hazijaisha Mogesi alikuwa amemfunga pointi kumi na moja. Alifunga kwa kulia, alifunga kwa kushoto, alifunga akiwa anaanguka. Nilimwona Godwin, ameketi upande wa pili na daftari lake gotini, akiinama kumwuliza jirani jambo, na jirani akamwonyesha Mogesi kwa kidole. Nafasi ya Simioni ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, na mwizi wake alikuwa mdogo wake mwenyewe.

Kisha Kisyeri aliteleza. Mogesi akabaki na mpira, na aliyewahi kuziba pengo alikuwa Simioni. Ndugu wawili wakatazamana uso kwa uso, hatua moja kati yao. Mogesi alikuwa na nafasi ya kutupa. Akatoa pasi.

Mwalimu wa Mugumu, seremala mmoja aitwaye Imrani, alishika kichwa. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimemwona Mogesi wa ile miaka minne akirudi kwa sekunde moja tu, na kwa mara ya kwanza nilijua alikuwa anarudi kutoka wapi.

Niliwahi kula nyumbani kwao, Nyarero. Ugali uliwekwa, nyama ikawekwa, na Mogesi, aliyetoka shambani na njaa, alikaa mkono mtupu hadi Simioni alipokata tonge la kwanza. Sikumwona hata kutazama sahani. Miaka mitatu alikaa na mchumba bila kumwoa kwa sababu kaka yake alikuwa bado hajaoa, na kwao mdogo hatangulii mkubwa: si kwenye tohara, si kwenye ndoa, si kwenye sahani. Njia ni moja tu, mkubwa mwenyewe atamke kwa kinywa chake kwamba mdogo apite. Mimi ni mgeni wa kuzaliwa humu humu. Babu yangu alitoka pwani na mizigo ya vitambaa, akabaki. Mambo haya nayajua. Siku ile pale Nyarero niliisifu adabu ya Mogesi mbele ya mama yake. Kesho yake uwanjani nikamtukana kwa adabu ile ile.

Mugumu hakukuwa na mkubwa wake. Hakukuwa na dawa nyingine.

Ningeweza kuishia hapo, nikaona haya, nikakaa. Niliona haya kweli. Lakini niliomba mapumziko nikamvuta Simioni pembeni.

"Kuanzia sasa Mogesi ni wako. Mkabe mpaka mwisho. Akienda kunywa maji, nenda naye."

Simioni alipangusa uso kwa jezi. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mwalimu, unajua unachonituma?"

"Najua. Na wewe unajua mvua zinaanza lini?"

Akaenda akasimama mbele ya mdogo wake.

Sijawahi kuongoza vibaya namna ile. Mogesi alizimika. Akipata mpira, anamwona kaka yake, anautoa haraka kama kaa la moto. Watazamaji wa Mugumu, waliomzoea kwa jambo lingine kabisa, walianza kunung'unika, kisha kupiga kelele: "Tupa! Tupa wewe!" Upande wetu, Simioni alifunga, akafunga tena, na kila alipofunga Mogesi ndiye aliyekuwa amechelewa kumzuia kwa nusu hatua. Kalamu ya Godwin ilikuwa inatembea. Tulikwenda mapumziko ya katikati tukiongoza kwa pointi tisa.

Mabenchi yalikuwa karibu. Nilimsubiri Imrani amtukane, kama ambavyo mimi ningefanya, au amtoe. Imrani alichukua dumu la maji, akamwagia Mogesi mikononi, akamwambia kwa sauti ya kawaida: "Wewe ni wa kutupa. Sisi hapa hatukujui kwa kazi nyingine." Mogesi aliinamisha kichwa. Simioni alikuwa anakunywa maji hatua nne kutoka pale. Nilimwona akishusha chupa kabla hajamaliza.

Kipindi cha pili Imrani hakumtoa, na Mogesi hakutupa. Lakini wenzake walianza kutumia pasi zake, na pointi tisa zikawa sita, zikawa tatu. Nilipaza sauti mpaka koo likakauka. Vijana wangu walianza kuogopa mpira. Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira ulikuwa mikononi mwa Mogesi, mbele kabisa ya benchi letu, Simioni amemwinamia, mikono wazi.

Nilijua atatoa pasi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni, nikimwona Mokami, nikiliona ghala na jua juu yake.

Simioni alimwambia kitu kwa Kikurya, polepole, kama mtu anayezungumza mezani. Nilikisikia vizuri.

"Mura, mdogo wangu, pita. Nimekuruhusu."

Mogesi alimtazama usoni. Naapa nilimwona mabega yakishuka.

Usidhani Simioni alimwachia. Wapo wanaosema hivyo mpaka leo, na mimi hugombana nao. Alimkaba kuliko alivyowahi kumkaba mtu. Mogesi alikwenda kulia, akamkuta. Akarudi kushoto, akamkuta. Akasimama ghafla, akaruka, na Simioni akaruka naye, mkono umenyooka hadi vidole vikagusa vidole. Mpira ulipita juu ya mkono ule kwa upana wa kucha. Uliingia, na firimbi ikalia.

Sitajisifu kwa nilichofanya baadaye. Watu wa Mugumu walikuwa wamejaa uwanjani wamembeba Mogesi, na mimi nilimshika Simioni jezi nikamfokea.

"Umejifukia mwenyewe! Umesikia? Nimekuleta hapa nikutoe shimoni, umelichimba kwa mikono yako!"

Alikuwa ameshika magoti, anatafuta pumzi.

"Mwalimu. Nimemkaba, sikumkaba?"

Niliachia jezi.

"Umemkaba," nilisema.

"Basi."

Godwin alivuka uwanja na daftari lake. Alipomuuliza Mogesi jina, Mogesi alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kumwonyesha kaka yake. Simioni hakusogea. Akasema kutoka pale alipokuwa, kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe: "Nimeshasema. Sirudii." Mogesi akataja jina lake. Alilitaja huku analia, na Godwin akaliandika.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Lori lilipofika Nyamongo, Simioni aligonga bati, likasimama. Zamu yake ilikuwa inaanza. Alishuka na begi lake, akatuaga mmoja mmoja, akaelekea kwenye mawe. Sisi tukaendelea hadi Tarime.

Mvua ilianza Jumanne. Ilipiga bati la kibanda changu mchana kutwa, na nilishona suruali moja mara tatu na kuifumua mara tatu. Jumatano zikaja habari kwamba maduara mawili yamejaa maji. Mtu aliyezileta hakujua ni ya nani. Nilitaka kwenda kwa Mokami. Nilifunga kibanda, nikafika hadi kona ya barabara, nikakosa uso wa kwenda nao, nikarudi. Niliogopa, na sikuwa na wa kumwambia.

Alhamisi asubuhi mtu alisimama mlangoni, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilishika kwanza ukingo wa cherehani.

"Marahaba, Simioni. Karibu. Kaa."

"Nimechafuka. Nitasimama." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. "Imrani ameniletea maneno. Mogesi akienda kampuni, kwao kunabaki pengo. Ana karakana, anasema nitapiga randa mchana, jioni nicheze. Hii ni karatasi ya uhamisho. Inataka mkono wako."

"Randa hailipi kama dhahabu."

"Randa haimwangukii mtu mgongoni."

"Na Mokami?"

"Ameshafunga vyombo. Yuko stendi, amekalia mzigo."

Niliifungua karatasi juu ya meza ya kukatia, nikaondoa chaki na mkasi. Jina niliandika mwenyewe. Umri alinitajia. Mahali alipozaliwa, Nyarero. Chini yake palikuwa na mstari: nafasi anayocheza. Kalamu yangu ilikwishagusa karatasi. Neno nililijua, mfungaji, nimeliita kwa sauti miaka mitano, na nilikuwa karibu kuanza herufi ya kwanza.

Nikainua mkono.

"Simioni. Wewe unapenda kucheza wapi?"

Alitaka kucheka, akashindwa. Alitazama nje, ambako mvua ilikuwa imepungua na watu wameanza kuvuka barabara wakiruka madimbwi.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Tangu utoto mimi nimewekwa mbele tu. Acha wazi."

Nikapaacha wazi. Nikatia sahihi chini, nikaikunja karatasi mara nne kama alivyoileta, nikampa.