Ukuta Uliokanyagwa

Jumanne saa tatu asubuhi, Marcelline alisimama nyuma ya soko la Kasongo mbele ya marundo mawili ya mbao, akizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole. Alitaka mbao za kuvalisha ukuta wa mbele wa nyumba yake, ule unaopigwa na mvua. Matofali yake hayakuchomwa, na kila mwaka yalipungua kama sabuni. Jumamosi watu wa Kabambare wangekuja kumposa binti yake Naomie. Hakutaka wakute nyumba inayoyeyuka.

Rundo la kwanza lilikuwa mbao mbichi, bado zinatoa maji. La pili lilikuwa mvule mkavu, mweusi, unaolia kama chungu kizima.

"Ile mbichi itajikunja mbele ya mwezi kuisha," alisema Djafari, muuzaji. "Hii imezoea mvua na jua. Haina kiburi tena, mama."

Mbao za mvule zilikuwa na matundu ya misumari minene, na katikati zimelika kwa mifuo laini. Marcelline aliingiza kidole katika tundu moja. Alijua ni mbao gani hutobolewa hivyo. Alikuwa amezivuka mara nyingi, akienda Kabambare kuuza vitenge. Akakitoa kidole, akakipangusa, akauliza kama zingetosha ukuta mzima.

"Zitatosha na kubakia," alisema Djafari, aliyekuwa amejiandaa kwa swali lingine.

Clovis, seremala, alizipigilia Jumatano, zimelala, kila ubao ukiufunika kidogo wa chini yake ili maji yateleze. Aliuliza ageuze nje uso upi.

"Ule mzuri," alisema Marcelline.

Zikawa mbao tisa, kutoka ardhini mpaka chini ya bati.

Alhamisi asubuhi ukuta ulikuwa umekanyagwa. Nyayo za matope mekundu zilianzia ubao wa chini, zikapanda, zikaishia kwenye bati. Nyingine zilianzia kwenye bati zikashuka. Kati yake palikuwa na alama za gurudumu la pikipiki na kwato za mbuzi wawili. Waliokuja Kasongo walipanda, waliokwenda Kabambare walishuka. Naomie alileta ndoo na kitambaa, wakaosha. Kufikia saa nne walikuwa wameosha mara tatu.

Jirani yao, Papa Emile, alisimamisha baiskeli yake akautazama ukuta.

"Mama Naomie, leo watu ni wengi."

"Ni siku ya soko."

"Lakini wanatembea polepole. Utasema wanabeba mayai."

"Njia imeharibika," alisema Marcelline.

"Kweli. Tangu juma ile ingine, daraja imebaki miti mbili tu. Mbao yote mutu ameng'oa." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Ijumaa Marcelline alimwita Clovis, akamuuliza kazi ya kuzitoa ni ya muda gani.

"Kuzitoa ni saa moja. Lakini bakwe wakikuja kesho watakuta ukuta gani? Ya matundu?"

Marcelline alifikiri. "Wacha kwanza. Utakuja Siku ya Kwanza, Jumatatu, kisha wageni kwenda."

Wageni walikuwa wametuma habari kwamba watakuwa sita. Jumamosi karibu na adhuhuri, nyayo zao zilianza kupanda: pikipiki tatu zikisukumwa kwa mkono, na miguu ikizifuata kando. Marcelline alihesabu. Jozi tano zilifika kwenye bati. Ya sita, ndala ndogo za mpira, kisigino cha kushoto kimelika, ilifika ubao wa tano, ikageukia pembeni, na baada ya hapo hapakuwa na mguu tena. Aliosha zote. Ile ya ubao wa tano haikutoka. Akaweka kiti mbele yake.

Wageni wakafika watano. Shangazi wa mposaji, Mama Safia, alikuwa na kitenge kilicholowa mpaka magotini. Walikalishwa kivulini kando ya ukuta, wakapewa maji. Mgeni akishakunywa maji, mwenyeji humuuliza habari ya njia, na mgeni huisimulia. Marcelline hakuuliza. Alisifia ushonaji wa Naomie, akasifia samaki, akawaongeza maji.

"Mama, hautuulize njia?" alisema Mama Safia.

"Njia nimeiona."

Mama Safia aliinuka, akakisogeza kiti, akaipima alama ile kwa shubiri. "Hii ni ya dada yangu. Ameanguka pale. Mguu umevunjika, tumemuacha kwa kituo ya afya." Akautazama ukuta kutoka chini mpaka juu. "Basi tumekanyaga nyumba yako mbele ya kukaribishwa. Utatusamehe, mukwe. Wakati wa kurudi tutabisha hodi."

Marcelline aliitazama miguu yake mwenyewe. Chakula kilikuwa kimeiva, kwa hiyo mazungumzo ya posa yaliendelea, wakakubaliana. Hakuna aliyetaja daraja.

Jumapili, baada ya misa, jozi tano za miguu zilishuka kutoka kwenye bati, vidole vimekaza. Kwenye ubao wa tano kila mmoja aliizunguka ile ndala.

Jumatatu Clovis alikuja na nyundo yake. Upande wa Kabambare wingu lilikuwa jeusi. Marcelline alilitazama wingu, akampa chai, akamwambia arudi mvua zikiisha. Ulikuwa mwezi wa kumi. Kasongo mvua huisha mwezi wa sita.

Alasiri ile alitandika gunia chini ya ukuta. Tangu hapo wanaopanda hufuta miguu kwanza, na asubuhi gunia ndilo linalojaa matope. Wanaoshuka hawana pa kufutia. Nyayo za hao huziosha mwenyewe, akiiruka ndala ya ubao wa tano, isiyopanda wala kushuka.

Wanaokwenda Kabambare hupita kwanza mlangoni kumuaga. Huwajibu safari njema, akilitazama gunia.