Wageni Ukutani

Awuor alitundika picha zake kumi na tisa kwa siku mbili, akipima kila moja kwa kamba ili zote zikae usawa wa macho. Hakutaka haraka. Yalikuwa maonyesho yake ya kwanza, yake peke yake, katika ukumbi wa kanisa karibu na ziwa pale Kisumu. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Zamani aliandika majina ya maduka kule Mamboleo, na alipoacha ili achore picha, mama yake, ambaye huanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga, alimwambia neno moja tu.

"Una mkono mzuri, nyathina, mwanangu. Sasa mbona uchore kitu kisichosomeka?"

Neno hilo lilimkaa miaka minane. Picha zake hazikuwa na mtu, mti wala mtumbwi. Zilikuwa rangi tu, zimelala juu ya rangi nyingine kama maji juu ya tope. Wanunuzi hakuwawaza sana. Alitaka mama yake asimame mbele ya picha moja, hata moja tu, aone kitu bila kuambiwa.

Kosa alilifanya mwenyewe: alimwomba Obiero, mdogo wa marehemu baba yake, awaalike watu wa nyumbani. Obiero hajui shughuli isiyo na kipaza sauti. Jumamosi Awuor alitoka kununua maji ya kunywa, na aliporudi alikuta viti vimepangwa safu safu na meza kuu imevikwa kitambaa cheupe. Picha zilikuwa kwenye kuta tatu. Meza ilikuwa mbele ya ukuta wa nne, ule mtupu, na akina mama wa Dunga wameketi wakiitazama, wamevaa sare ya chama chao.

"Nilimkataza," alinong'ona Metrine, rafiki yake anayeuza mitumba Kibuye. "Akaniuliza, wageni wakae chini kama mbuzi?"

Maombi yakaombwa. Ukaja utambulisho: watu wa kanisa, watu wa chama, mashemeji kutoka Maseno, kila mmoja akisimama kutaja jina na kwao. Awuor aliketishwa meza kuu, na kwa kuwa ndiye aliyeelekeza uso nyuma ya ukumbi, alikuwa karibu mtu pekee aliyeziona picha. Saa nzima ikapita. Harufu ya samaki wa kukaanga ikaanza kuingia dirishani, na watu wakaanza kujiweka sawa kwenye viti.

"Kuna mgeni ambaye hajatambulishwa?" Obiero akauliza. "Ama tukule?"

Awuor hakuwahi kupenda kusema mbele za watu. Akainua mkono.

"Baba mdogo, wageni wangu bado. Wako kumi na tisa. Wamesimama tangu jana na hakuna aliyewasalimu."

Kicheko kikazunguka ukumbi, na vichwa vikageuka. Obiero alikohoa. Utaratibu ni utaratibu.

"Sawa. Waseme majina na kwao."

"Kwao ni ziwani. Majina hawana."

"Mgeni hana jina?" mama mmoja akadakia. "Huyo ameletwa na polisi."

"Basi mpeni nyinyi," Awuor akasema.

Wakainuka. Mmoja aliona magugu maji yaliyoziba njia ya mitumbwi. Mwingine akakataa, akasema ni shamba la sukuma wiki, na wakabishana vizuri. Mama yake Awuor alipita picha ya kwanza, ya pili, ya sita, mikono nyuma, kama anayekagua omena za mwenzake. Awuor alimfuata kwa macho.

Mbele ya ile ya rangi ya fedha, yenye manjano yaliyotambaa ndani yake, mama akasimama. Akasogeza pua, akainusa.

"Omena hizi zilinyeshewa," akasema.

Awuor alikuwa ameshasogea karibu yake.

"Ile mvua ya mchana. Wavu wote wa kuanikia ulikuwa umejaa, na wa kuzianua ni sisi wawili tu. Zote zikaenda kuwa chakula cha kuku. Wewe ulilia kuliko mimi."

"Ndiyo, mama."

Mama aliitazama tena, bila haraka.

"Lakini umekosea. Manjano hayaanzii juu. Yanaanzia chini, kwa zile zinazogusa mchanga."

Awuor akainama kutazama. Ni kweli, alikuwa amekosea, na hakukumbuka lini mara ya mwisho kosa lilimfurahisha hivyo.

"Shemeji," mama akamwita Obiero, "lete hicho kipaza sauti. Huyu namtambulisha mimi."

Akaanzia asubuhi ya siku ile, kabla ya wingu la kwanza. Obiero alinyoosha mkono mara tatu kukidai kipaza sauti chake. Samaki wakapoa.